Nani Aliyeanza Mazungumzo?

Mwezi Machi 2019 kampuni mbili za Marekani, Office Depot na Support.com, zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 ili kumaliza shauri lililofunguliwa na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo, FTC. Office Depot, yenye mtandao mkubwa wa maduka ya vifaa vya ofisi, ilitoa milioni 25. Support.com, iliyotoa programu iliyozua shauri hilo, ilitoa milioni 10. Programu yenyewe iliitwa PC Health Check, na mteja alipimiwa kompyuta yake bure.

Kesi hii naipenda kuliko zote za aina yake, kwa sababu inaonyesha utapeli wa programu ukiwa mtupu, bila mdukuzi, bila mtu aliyejificha nchi ya mbali. Mteja alifika dukani na mashine yake. Kabla ya kipimo kuanza aliulizwa maswali manne: je, kompyuta imekuwa nzito? Huwa inajizima au kukwama mara kwa mara? Umewahi kuona onyo la virusi? Kuna matangazo yanayokurukia hadi unashindwa kuperuzi? Penye jibu la ndiyo, mfanyakazi aliweka alama ya vema kwenye kisanduku. Programu ikaanza kuchunguza, mstari ukawa unasogea kwenye skrini, na mwisho wake yakatoka matokeo: dalili za programu hasidi zimeonekana. Hapo ndipo mteja alipopendekezewa huduma ya kusafishiwa, ambayo ingeweza kumgharimu mamia ya dola.

Kwa mujibu wa FTC, ule uchunguzi haukuwa na mchango wowote katika majibu hayo. Majibu yalitokana na zile alama za vema. Ukiwa na alama moja tu, kompyuta yako ilitangazwa kuwa na dalili za ugonjwa. Mpiga ramli stadi hufanya hivyo hivyo: anakuhoji taratibu, kisha anakurudishia maneno yako mwenyewe kana kwamba yametoka kwa mizimu. Novemba 2016, waandishi wa kituo cha televisheni cha KIRO cha Seattle walipeleka kwenye maduka hayo kompyuta mpya kabisa, zilizotolewa kwenye maboksi, na baadhi ya maduka yakawaambia zina dalili za virusi. Baadaye FTC ilirudisha fedha kwa wateja zaidi ya 500,000.

Sasa chukua ushauri tunaopeana kila siku kuhusu matapeli wa mtandaoni: tazama makosa ya tahajia, tazama nembo iliyofifia, tazama kama kampuni ina ofisi. Mteja wa Office Depot angeshindwa kwa vigezo vyote hivyo. Duka lilikuwa la kweli, wafanyakazi walivaa sare, risiti ilikuwa halali. Ndiyo maana nasema sura ya ofa haitusaidii tena. Swali la maana ni nani aliyeanza mazungumzo kuhusu ugonjwa, na ana maslahi gani katika jibu. Mtu anayekupima bure na kuuza dawa hapo hapo ana sababu moja tu ya kukuambia u mzima, nayo ni uaminifu wake. Bei ya uaminifu huo hujaijua.

Kabla ya kesi hiyo kulikuwa na nyingine iliyotisha zaidi kwa ukubwa. Desemba 2008 FTC iliishtaki kampuni ya Innovative Marketing, iliyosajiliwa Belize na kuendesha shughuli zake kutoka Kiev, Ukraine. Bidhaa zake zilikuwa na majina ya kuaminika: WinFixer, WinAntivirus, DriveCleaner, ErrorSafe, XP Antivirus. Zaidi ya watu milioni moja walizinunua, kwa dola 39.95 au zaidi kila mmoja, ili ziwaondolee virusi ambavyo havikuwepo.

Namna walivyowafikia watu inastahili kuangaliwa kwa karibu. Walijifanya mawakala wa matangazo wa kampuni na taasisi zinazoheshimika, wakanunua nafasi kwenye tovuti kubwa. Ndani ya tangazo walificha msimbo uliotambua nani anatazama. Wafanyakazi wa kampuni ya matangazo walipolikagua, waliona tangazo safi la taasisi husika. Msomaji wa kawaida alipofungua ukurasa ule ule, alitupwa kwenye tovuti yao, akaona mstari wa uchunguzi ukikimbia na orodha ya virusi ikijaa mbele ya macho yake. Mwaka 2012 mahakama ya Marekani ilimwamuru mmoja wa viongozi wa kampuni hiyo kulipa zaidi ya dola milioni 163. Fedha zilizokuwa zimewarudia waathirika kabla ya hapo, kutokana na makubaliano na washitakiwa wengine, zilikuwa wastani wa dola 20 kwa kila mtu.

Ule mstari wa uchunguzi ulikuwa katuni tu. Hili naomba likukae kichwani, kwa sababu linakata mzizi wa sehemu kubwa ya utapeli huu hata leo: ukurasa wa tovuti hauna uwezo wa kuchunguza diski yako. Kivinjari hakiuruhusu. Ukurasa unaosema umekuta virusi 13 kwenye simu au kompyuta yako unasema uongo, haijalishi umepambwa kwa nembo ya nani. Na kama onyo lina namba ya simu ya kupiga, hapo usibaki hata na chembe ya shaka: Microsoft wenyewe wanasema maonyo yao ya hitilafu hayawekwi namba ya simu. Ndugu zetu waishio Marekani na Uingereza hulengwa sana na namba hizo, hasa wazee, na anayepokea simu huwaomba wasakinishe AnyDesk au TeamViewer, programu za kuendesha kompyuta ya mtu ukiwa mbali, ili "awasaidie". Programu hizo ni halali na mafundi tunazitumia kila siku. Lakini ukimpa mtu usiyemjua namba ya kuunganisha inayotokea ndani yake, umemkabidhi kiti chako, kibodi yako na akaunti yako ya benki iliyo wazi.

Ukurasa wa namna hiyo ukijaza skrini na kukataa kufunga, bonyeza kitufe cha Esc kwa sekunde chache, kisha funga dirisha. Ikishindikana, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua kivinjari kwenye orodha, kikomeshe. Ukikifungua tena na kikauliza kama kirudishe kurasa za awali, kataa. Basi, ugonjwa umekwisha.

Hapa kwetu naona aina nyingine ya onyo kila wiki, na mara nyingi mwenye simu anadhani ana virusi. Alikuwa anatazama mechi kwenye tovuti ya bure au anapakua filamu, ukurasa ukamwambia abonyeze "Ruhusu" ili video ianze. Akabonyeza. Alichoruhusu ni arifa: tovuti ile sasa ina haki ya kumtumia ujumbe hata akiwa amefunga kivinjari, na inamtumia maonyo ya virusi usiku na mchana. Dawa yake haiuzwi. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, ufute kila tovuti usiyoitambua. Nimeona watu wakilipa fundi kwa kazi hiyo ya dakika mbili, na mbaya zaidi wakiwekewa antivirusi ya kulipia juu yake.

Utaniambia: lakini mara nyingi mimi ndiye ninayetafuta programu, hakuna aliyenianza. Ni kweli, na hapo ndipo swali langu linapohitaji kupanuliwa. Desemba 2022 FBI ilitoa tahadhari kwamba wahalifu wananunua matangazo kwenye injini za kutafutia, yakiiga kampuni halisi, ili mtu anayetafuta programu fulani aangukie kwenye tovuti ya bandia. Matangazo hukaa juu kabisa, kabla ya matokeo halisi. Unaandika VLC ya kuchezea video au 7-Zip ya kufungulia mafaili yaliyobanwa, unabonyeza cha kwanza unachokiona, unapata kitu chenye nembo ile ile na jina lile lile. Kinasakinika, na pengine VLC yenyewe inafanya kazi barabara, huku kilichoingia pamoja nayo kikisomba manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari. Wewe ulianza kutafuta, lakini tapeli amelipia nafasi ya kukudaka njiani. Kwa hiyo ruka kila kilichoandikwa tangazo, na soma anwani ya tovuti yote kabla ya kupakua. VLC inatoka videolan.org. 7-Zip inatoka 7-zip.org. Kwingine kote usiguse.

Tangu mwaka 2024 imeenea mbinu moja ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo ya hila kuliko zote nilizozitaja. Ukurasa unakuomba uthibitishe kuwa wewe si roboti. Hilo tumelizoea, tunabonyeza picha za baiskeli na taa za barabarani bila kufikiri. Lakini huu unakuelekeza hatua tatu: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Hatua ya kwanza inafungua kidirisha cha kuipa kompyuta amri. Ya pili inabandika amri ambayo ukurasa umeshainakili kimyakimya bila wewe kujua. Ya tatu inaitekeleza. Umejisakinishia programu hasidi kwa vidole vyako mwenyewe, na kwa sababu ni wewe uliyeamuru, kinga nyingi za kompyuta zinaweza kusita kuingilia. Hakuna kipimo halali cha uroboti kinachohitaji kibodi yako ifungue kitu nje ya kivinjari.

Kuna jambo ambalo sisi mafundi wa Afrika Mashariki hatupendi kulizungumza hadharani, nalo ni programu zilizovunjwa kufuli. Pita Kariakoo, Dar es Salaam, au River Road, Nairobi, ingia steshenari yoyote karibu na chuo, uone Windows na Office zinavyowekwa kutoka kwenye flashi ile ile kwa kila mteja. Sitawahukumu wanafunzi. Leseni ni ghali kwao, na msimamizi wa utafiti anataka kazi iandikwe kwa programu fulani. Ninachotaka kusema ni namna biashara hiyo inavyolipwa, kwa maana hakuna anayevunja kufuli na kukuwekea bure kwa mapenzi yake kwako.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho aliniletea kompyuta mpakato yake. Mafaili yote ya Word yalikuwa yameongezewa herufi nne ngeni mwishoni mwa majina, na katika kila folda kulikuwa na faili moja jipya, _readme.txt. Akaniambia, "Kaka, mimi nilikuwa nawasha Office tu." Aliwasha kwa KMSPico, programu ya kuwasha Office bila leseni, aliyoipata kwenye tovuti ya kwanza aliyokutana nayo. Ule ujumbe ulikuwa wa virusi vya jamii ya STOP, ambavyo wengine huviita Djvu: lipa dola 980 upate ufunguo, au 490 ukilipa ndani ya saa 72. Kwa shilingi ya Tanzania, hata ile nusu ilizidi milioni moja.

STOP ni mfano mzuri wa utapeli unaochagua maskini. Magenge makubwa ya kudai fidia huwinda hospitali na benki. Hili lilienea hasa kupitia programu zilizovunjwa na vitengeneza leseni bandia, kwa hiyo lilimpata mtu wa kawaida, mwanafunzi, mwenye duka dogo la picha. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa zana ya bure iliyofungua mafaili ya aina 148 kati ya 160 zilizojulikana wakati huo, lakini matoleo yaliyofuata yalibadilisha namna ya kufunga. Yakiweza kuwasiliana na seva ya wahalifu, kila kompyuta hupata ufunguo wake, na bila ufunguo huo hakuna fundi wa kukusaidia. Yule kijana tulimpatia sura mbili za tasnifu yake kutoka kwenye baruapepe alizokuwa amemtumia msimamizi wake. Nyingine aliandika upya.

Na ukiwa na bahati ya kutofungiwa mafaili, usidhani umepona. Wezi wa taarifa hawapigi kelele. Wanachukua manenosiri, pamoja na vidakuzi, yaani vile vipande vya taarifa vinavyoiambia Facebook au baruapepe kwamba tayari umeshaingia. Mwenye vidakuzi vyako anaingia bila nenosiri na bila namba ya uthibitisho. Mfanyabiashara wa vitenge mwenye wafuasi wengi Instagram anaamka asubuhi na kukuta ukurasa wake unauza sarafu za kidijitali. Oktoba 2024 polisi wa Uholanzi, wakishirikiana na Marekani na nchi nyingine, walizizima seva za RedLine na META, programu mbili kubwa za wizi huo. Zipo nyingine.

Hata programu ya bure iliyo halali inafaa kuulizwa inaishi kwa nini. Februari 2024 FTC iliitoza Avast dola milioni 16.5. Antivirusi hiyo iliwaahidi watumiaji kuwakinga wasifuatiliwe mtandaoni, huku kampuni yake tanzu ya Jumpshot ikiuza kumbukumbu za tovuti walizotembelea. Windows ina antivirusi yake ndani, Defender, tangu Windows 8 ya mwaka 2012, na kwa mtu wa kawaida inatosha ilimradi masasisho hayazuiwi. Programu zilizovunjwa, kwa bahati mbaya, mara nyingi hutaka uizime kwanza. Maelekezo ya kuzima kinga kabla ya kusakinisha kitu yakutoshe kuwa onyo. Kwa kuandika na kufanya hesabu, LibreOffice ni bure kihalali na hufungua mafaili ya Word bila taabu kwa kazi nyingi za wanafunzi.

Kwenye simu, ofa ya udanganyifu inayotuumiza zaidi ni mkopo. Programu inasema mkopo ndani ya dakika tano, bila dhamana. Unaposakinisha inaomba ruhusa ya kusoma majina yote ya simu yako, jumbe zako na picha zako, nawe una shida ya ada ya mtoto, unaruhusu. Hiyo ndiyo dhamana uliyoambiwa haihitajiki. Ukichelewa siku moja, shemeji yako, bosi wako na mchungaji wako wanatumiwa ujumbe kwamba wewe ni mwizi. Mikopo ya kausha damu ya mitaani angalau ilikuaibisha mtaani kwako tu.

Serikali zimeamka, ingawa kwa mwendo tofauti. Kenya ilirekebisha sheria ya Benki Kuu mwaka 2021 na kuweka kanuni za wakopeshaji wa kidijitali Machi 2022. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa nchi hiyo aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu wengine kuwatumia jumbe na simu za vitisho. Google nayo, kuanzia mwisho wa Mei 2023, ilizipiga marufuku programu za mikopo binafsi kwenye Play Store kusoma orodha ya majina na picha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Zuio la Google lina maana moja ya vitendo: mkopeshaji anayekutumia faili la APK, yaani la kusakinisha programu, kwa WhatsApp au linki badala ya kukuelekeza Play Store huenda anakimbia zuio hilo. Usisakinishe.

Zile jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii" sina haja ya kuzieleza, kila mwenye simu Tanzania anazijua. Nazitaja kwa sababu zinanaswa na swali lile lile. Aliyeanza ni yeye, na anataka ufanye jambo kabla hujauliza. Ujumbe ukidai ni dada aliyebadilisha namba, mpigie kwa ile ya zamani, au muulize mama.

Kama umeshaingizwa mkenge, usione haya, maana haya ndiyo inayowapa matapeli muda. Chomoa intaneti kwanza. Tumia kifaa kingine kubadili nenosiri la baruapepe kabla ya mengine yote, kwa kuwa ndilo linalofungua mengine, kisha ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Piga simu benki au mtandao wako wa simu kwa namba iliyo nyuma ya kadi au uliyokuwa nayo siku zote, si iliyokuja kwenye ujumbe. Tanzania, namba ya tapeli itumwe kwenda 15040. Kenya, kwa wateja wa Safaricom, ni 333. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Na fanya hivyo siku hiyo hiyo, kwa sababu fedha ya simu ikishatolewa kwa wakala hakuna muamala wa kuurudisha.